Kitambaa cha Wawira Juu ya Projekta

Jumatatu, 5 Julai 1999

Ukungu tena. Nimefundisha Kidato cha Tatu nikiwa nimevaa koti, wao wamejifunga mablanketi mabegani. Chaki imelowa, haiandiki. Umeme tunausoma kitabuni tu, maana stima ilipotea kabla ya somo ikarudi baada ya somo.

Saa nne, mkutano wa walimu. Sanduku limefika kutoka ng'ambo, zawadi ya kanisa moja lenye urafiki na shule yetu. Ndani yake mna projekta. Si ile ya zamani ya kuwekea karatasi ya plastiki juu ya taa. Hii inaunganishwa na kompyuta na kutupa ukutani chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Mwalimu Mkuu alilizunguka sanduku akilipapasa kama mtu anayechagua ndama sokoni. Siku ya Wazazi ni tarehe ishirini na nne, na anataka wageni waone michoro ya maabara mpya ikiwa kubwa ukutani.

Kisha akanigeukia mbele ya wote. Akasema nikiifanya mashine hii ifanye kazi siku hiyo, na mtu mwingine hapa shuleni akajua kuitumia, atasaini fomu yangu ya uhamisho. Sekretari, Mama Mwenda, aliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano. Nilimwona akiandika.

Fomu hiyo imelala kwenye droo ya Mwalimu Mkuu tangu Februari. Kule Kianjokoma kuna shule inayotaka mwalimu wa fizikia kuanzia muhula wa tatu, aliyepo anastaafu. Fomu isipofika ofisi ya elimu kabla ya mwezi huu kwisha, nafasi itakwenda kwa mwingine. Kianjokoma ndiko nyumbani. Ndiko aliko Wawira, mke wangu, na mtoto wetu. Mimi niko huku Githongo, mwaka wa tatu sasa, naishi na redio.

Nina hamu nao. Nimeandika hivyo jana pia.

Jumanne, 6 Julai

Nimelifungua sanduku. Mashine ni nzito kuliko inavyoonekana. Jicho moja mbele, matundu ya kupumulia ubavuni na juu. Kitabu cha maelezo ni cha Kijerumani. Nimefuata michoro.

Plagi yake ina meno mawili ya mviringo. Soketi zetu ni za meno matatu. Nikafanya wanavyofanya watu wote: kalamu kwenye tundu la juu, plagi ikaingia. Wanafunzi wangu nimewakataza jambo hilo mara nyingi. Bahati nzuri hawakuwepo.

Shule ina kompyuta moja tu, ya Mama Mwenda, naye hapendi iguswe. Alisimama nyuma yangu muda wote, mikono kiunoni. Nikachomoa waya wa kioo cha kompyuta, nikachomeka wa projekta mahali pake. Feni ikanguruma. Ukuta ukawa wa buluu.

Buluu tupu. Hakuna kingine.

Alhamisi, 8 Julai

Buluu.

Nimejaribu kuwasha kompyuta kwanza. Nimejaribu kuwasha projekta kwanza. Nimebonyeza kila kidude kilichopo. Mama Mwenda ameniuliza kama nina hakika kilicholetwa si taa ya disko. Nimecheka kidogo. Jioni sikula.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeiacha. Kesho naenda nyumbani. Baada ya majuma matatu.

Jumapili, 11 Julai

Nimerudi Githongo saa kumi na moja. Naandika hata maji ya chai sijabandika.

Jana mtoto wetu, Marigu, alinificha uso. Atatimiza miaka mitatu Desemba. Ana jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo mimi humwita Mama, kama ilivyo desturi kwetu, na mtoto akiitwa hivyo hucheka. Hakucheka. Alijibanza nyuma ya mguu wa Wawira akawa ananichungulia. Tulipokuwa tukinywa chai akamuuliza mama yake, kwa Kiembu kilichonyooka, mgeni ataenda lini. Wawira akamwambia huyo si mgeni, huyo ni baba. Marigu akanisalimia kwa mkono, kwa adabu, jinsi anavyomsalimia pasta.

Leo baada ya chakula cha mchana akaingia mwenyewe chini ya kitanda akatoka na kiatu changu cha kulia. Akakibeba kwa mikono miwili hadi mlangoni. Akarudi, akaleta cha kushoto. Akavipanga vizuri, vidole vikitazama nje. Ikiwa Jumapili, baba anaenda. Hilo analijua barabara. Shangazi yangu alikuwepo, alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Wawira hakucheka. Mimi nikavaa viatu.

Wawira amenipa kitambaa cha kroshia cha kufunikia redio. Cheupe, ukingo wa kijani. Nyumbani kwetu kila kitu kina kitambaa chake: viti, redio, mtungi wa maji, hata saa ya mezani. Amesema nyumba yangu ya huku lazima ionekane ni ya mtu aliye na mke. Kinanuka moshi wa jikoni kwake.

Lazima fomu isainiwe. Sina njia nyingine.

Jumatatu, 12 Julai

Imewaka.

Kumbe kichwa cha waya kilikuwa na sindano moja iliyopinda. Zipo kumi na tano, nyembamba kama miiba, na hiyo moja ililala chini haikuingia tunduni. Siku tatu nilikuwa naangalia mashine badala ya kuangalia waya. Mimi, mwalimu wa fizikia. Mama Mwenda alinipa pini ya nywele zake nikainyoosha nayo ile sindano taratibu, nimezuia pumzi.

Picha ya kwanza kutokea ukutani haikuwa mchoro wa maabara. Ilikuwa barua ambayo Mama Mwenda alikuwa akiichapa, ya kuwaonya wazazi juu ya sweta zisizo za rangi ya shule. Kila herufi kubwa kama mbuzi. Aliisoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Hapo kwa 'sweta' nimekosea," akaenda kusahihisha.

Juu picha ilikuwa pana, chini nyembamba. Nimeinua miguu ya mbele kwa vitabu viwili vya nyimbo, nikageuza pete ya jicho hadi mistari ikakaza. Nilipomaliza nikangoja feni inyamaze, nikaifunika projekta kwa kitambaa cha Wawira. Kilikusudiwa redio. Lakini redio huwa nayo jioni tu, na huku ofisini ndiko ninakoshinda.

Jumatano, 14 Julai

Majaribio ukumbini. Wanafunzi walitundika mablanketi ya bwenini kwenye madirisha ili kuwe na giza. Shuka la matroni likawa ukuta. Picha ilitoka safi. Walimu wakapiga makofi. Nilifurahi, sitadanganya.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa amepita kusalimia. Mwalimu Mkuu akanishika bega akamwambia, "Huyu kijana haendi popote. Nani ataendesha hii kitu akienda?" Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa sababu mkubwa akicheka unacheka.

Nimefanya kazi vizuri mpaka nikajifungia mlango mwenyewe.

Alhamisi, 15 Julai

Nina hasira. Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia Mwalimu Mkuu leo, na ni mtu mzuri. Alinitembelea nilipougua malaria. Aliniletea ndizi za shambani kwake.

Nimefikiria jambo baya. Sindano ile ile ya waya. Kuipinda ni kazi ya ukucha. Siku ya Wazazi ukuta uwe buluu, wageni waone aibu, Mwalimu Mkuu aone kwamba mimi si mtu wa kung'ang'aniwa. Nimelifikiria wakati wa kipindi cha kwanza, na cha pili, na wakati wa chai. Halafu nikakumbuka kwamba alisema ifanye kazi ndipo asaini. Ikiharibika sipati fomu, ikifanya kazi sipati fomu.

Lakini alisema pia mtu mwingine ajue kuitumia. Liko kwenye kumbukumbu za mkutano.

Ijumaa, 16 Julai

Walimu wenzangu watatu nimewaomba wajifunze. Mmoja anaogopa kuungua. Mmoja ana michezo. Wa tatu amesema kazi ya mashine si kazi ya mwalimu wa historia.

Nimemwomba Mama Mwenda. Amesema atafikiria.

Jumatatu, 19 Julai

Ameanza. Ana daftari dogo, anaandika kwa ile hati ya mkato ya makatibu ambayo mimi siwezi kusoma. Kila hatua ananifanya nirudie mara mbili. Chomoa kioo, chomeka projekta, tazama sindano kabla hujasukuma. Projekta kwanza, kompyuta baadaye. Ukimaliza zima kwa kidude hiki, kisha acha feni izunguke mpaka inyamaze yenyewe. Usivute plagi. Ikishikwa na joto sana itajizima, taa nyekundu itatokea. Ngoja dakika kumi, usiiguse, halafu washa upya.

Kitambaa nacho amekiandika. Kitambaa ni baada ya feni kunyamaza, si kabla.

Jumatano, 21 Julai

Leo ameunganisha yote peke yake, mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni mikono mapajani. Mara moja tu alikosea. Nilipotaka kuinuka alininyooshea kidole, nikakaa.

Tulipokuwa tukikunja waya akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, wewe unanifundisha hii kitu ndiyo uende."

Nikasema ndiyo.

"Si ungesema tu. Mzee wangu alikuwa na barua ya transfa kwa droo ya mtu, kule Isiolo, miaka minne. Ilisainiwa tukiwa tumeshamzika." Akafunga daftari. "Haya, niambie tena ile ya feni."

Nilimwambia tena ile ya feni.

Ijumaa, 23 Julai

Sikwenda Kianjokoma wiki iliyopita wala sitakwenda hii. Barua ya Wawira imeletwa na mwalimu aliyetoka Embu. Marigu amejifunza kuhesabu hadi nne. Mbuzi amezaa. Kuhusu fomu haulizi chochote, na najua ni kwa nini. Ameuliza tu kama redio imependeza.

Sikujibu. Sijui nitamwambiaje kwamba kitambaa chake kimefunika mashine ya shule.

Jumamosi, 24 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Wazazi walijaa tangu saa tatu. Akina mama mbele, na leso zao mpya. Wazee wamekaa upande wa dirishani, ila madirisha yamefunikwa mablanketi, wakawa wanalalamika kwamba hawaoni mashamba. Mama Mwenda alikaa kando ya projekta, amevaa suti ya buluu ya kanisani. Mimi nilikaa safu ya nyuma kabisa kwa makusudi. Nilitaka Mwalimu Mkuu aione mikono ya Mama Mwenda, si yangu.

Akawasha. Mchoro wa maabara ukajaa shukani, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Hapo pasta akaitwa afungue kwa maombi. Akasimama mbele, na mashine ikamchora madirisha ya maabara usoni na kifuani. Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu Mkuu akaona haya. Akainuka polepole kwa heshima, akachukua kitambaa cha Wawira kilichokuwa mezani, akaifunika projekta jicho na mgongo, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kisha akafumba macho.

Mashine ilikuwa inawaka. Matundu yote yalikuwa chini ya kitambaa.

Mama Mwenda aliona. Nilimwona akiona. Lakini ni maombi, na aliyekiweka ni mkubwa wake, na watu mia tatu wameinamisha vichwa. Nani atanyoosha mkono? Pasta alimwombea kila mtu, kuanzia Rais hadi ng'ombe wa shule. Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nasikiliza feni. Sauti yake ilipanda, ikapanda, ikakatika. Amina.

Kitambaa kilipoondolewa hapakuwa na kitu shukani. Taa nyekundu tu. Mwalimu Mkuu akaangaza macho ukumbini akinitafuta. Akaniona. Akaniita kwa mkono.

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Nikienda mbele nikaiwasha, mimi ndiye mwenye mashine hii mpaka nizeeke. Nisipokwenda na ikakataa, hakuna fomu wala Kianjokoma. Na kitambaa ni changu. Mimi ndiye niliyekileta ofisini, mimi ndiye niliyewazoesha kukiona pale juu. Niliinuka nusu. Mama Mwenda akageuka, akaninyooshea kidole kile kile cha Jumatano. Nikakaa.

Akaweka saa yake mezani. Akamnong'oneza Mwalimu Mkuu kitu, kisha akasimama na suti yake ya kanisani, akawaanzishia akina mama wimbo. Ana sauti nene, sikujua. Waliimba, wakapiga vigelegele, wazee wakapiga miguu ya viti kwa fimbo. Ubeti baada ya ubeti. Mara mbili aliitazama saa. Dakika kumi zilipotimia akabonyeza. Feni ikanguruma, na maabara ikarudi ukutani, kubwa, na kila dirisha mahali pake.

Makofi yakawa yake. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu nikalia. Nimeona niandike hivyo hivyo.

Jumatatu, 26 Julai

Mwalimu Mkuu anamsifu Mama Mwenda kila mahali. Kuhusu fomu, kimya. Nilimuuliza Mama Mwenda alimnong'oneza nini. Amesema alimwambia, "Nimebonyeza vibaya, Bwana Mkuu, nipe dakika kumi." Alijitwika kosa ambalo si lake, mbele ya mwenye kosa, naye hajui hadi leo.

Jumatano, 28 Julai

Siku mbili zimebaki. Nilibisha ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa na wageni. Nikabisha tena saa tisa. Akasema, "Bwana Njeru, projekta ni sawa, lakini hao Kidato cha Nne nitawapa nani?" Ni swali la haki. Nikamwambia nina mtoto ambaye hunisalimia kwa mkono. Akatazama dirishani.

Alhamisi, 29 Julai

Nimejaribu kujizoesha kukubali. Sikuweza.

Ijumaa, 30 Julai

Saa nne Mama Mwenda alipeleka faili la kusaini. Aliniambia nibebe projekta nimfuate, eti Mwalimu Mkuu anataka iwekwe kabatini kwake. Juu ya faili aliweka kumbukumbu za mkutano wa tarehe tano, ukurasa wa pili. Chini yake, fomu yangu. Ameitoa kwenye droo lini, sijui, na sitauliza.

Mwalimu Mkuu akasoma kumbukumbu. Akasema ndiyo, alisema hivyo, lakini mambo hubadilika.

Mama Mwenda hakubishana. Alitoa kitambaa juu ya projekta, akakikunja mara nne mbele ya meza, akasema, "Hiki ni cha bibi ya Mwalimu, alimshonea. Nilikuwa nimeandika kwa daftari, hakiwekwi mashine ikiwaka. Inakosa hewa, inazima."

Akakiweka mezani, mbele yake.

Mwalimu Mkuu alikitazama. Kisha akanitazama mimi, kisha Mama Mwenda. Nikaona alipofika: maombi, mkono wake, taa nyekundu, na huyu mama aliyesema amebonyeza vibaya. Masikio yake yalibadilika rangi. Alitafuta kalamu, haikuandika, Mama Mwenda akampa yake.

Nimeipeleka fomu ofisi ya elimu mwenyewe. Imepigwa mhuri saa nane na nusu.

Ijumaa, 6 Agosti

Shule imefungwa. Vitu vyangu vimeingia kwenye sanduku moja na gunia moja. Kidato cha Nne nimewaachia madaftari yangu yote ya maelezo, na nimewaahidi kuja Jumamosi mbili kila mwezi hadi mtihani. Mwalimu Mkuu alinishika mkono kwa muda. Akanipa ndizi.

Kitambaa nimemwachia Mama Mwenda. Alikataa, kisha akakichukua. Amesema atakitunza mpaka feni inyamaze. Hatukuagana zaidi ya hapo.

Jumapili, 8 Agosti

Kianjokoma. Jua kidogo baada ya kanisa. Wawira anaanua nguo. Ameshaanza kitambaa kingine, cha redio, safari hii ukingo mwekundu.

Tulipomaliza kula Marigu aliingia chini ya kitanda. Akatoka na kiatu cha kulia, akakipeleka mlangoni. Akaleta cha kushoto. Akavipanga vidole nje, akasimama pembeni kuningoja nivae.

Nikavichukua, nikavirudisha chini ya kitanda.

Alifikiri kidogo. Akaenda akavileta tena.